Kukarabati, Kupangua, Kusimika: Istilahi za Uhifadhi wa Mahekalu ya Kale

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri wa Kiswahili huyatumia bila kusita ni neno ukarabati. Barabara hukarabatiwa, shule hukarabatiwa, meli na mitambo hukarabatiwa. Na linapomjia andiko linalohusu hekalu lililojengwa miaka elfu moja au elfu mbili iliyopita, nalo huliandika kwamba linakarabatiwa. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba katika uwanja wa majengo ya kale neno hilo limetwishwa mzigo uliozidi nguvu zake. Chini yake zimefichwa kazi nne au tano ambazo si kwamba zatofautiana tu, bali nyingine zapingana kabisa: moja huliokoa jengo na nyingine huliangamiza, na fundi wa kila moja akiulizwa atajibu kwamba alikuwa akikarabati.

Jambo hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo neno litakalotiwa katika mkataba wa kazi laweza kuwa ndilo litakalosomwa mbele ya hakimu, siku ambayo mafundi wamekwisha bandua lipu ya karne kadhaa na kupaka saruji mahali pake. Mkandarasi akisema kwamba mkataba ulimwagiza kukarabati, naye amekarabati, ni vigumu kuona atashindwaje.

Yafaa kwanza tuliangalie neno hekalu lenyewe. Lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, haykal, nalo lina ukoo mrefu katika lugha za Kisemiti hadi kufika kwa Wasumeri wa kale, ambao kwao asili yake ilikuwa nyumba kubwa tu. Wasomaji wa Biblia wamelizoea kwa sababu ya hekalu la Yerusalemu. Hapa twalitumia kwa maana pana ya jengo la ibada la zamani, la dini yoyote, ingawa halikai sawasawa kila mahali. Borobudur katika kisiwa cha Java, kwa mfano, ni kilima kilichovikwa mawe; mwenye kuhiji huzunguka ngazi kwa ngazi akipanda hadi juu. Hatuna haja ya kutafuta neno jingine kwa ajili hiyo, ila mfasiri asije akaandika kwamba mahujaji waliingia ndani ya hekalu hilo na kusali ukumbini, kwa kuwa ukumbi hakuna.

Tuingie sasa katika kazi zenyewe, na tuanze na mfano unaojulikana kuliko yote. Hekalu la Parthenon mjini Athens lilijengwa kati ya mwaka 447 na mwaka 432 kabla ya Kristo, kwa marumaru iliyochimbwa katika mlima Pentelikon. Liliwahi kuwa hekalu, kisha kanisa, kisha msikiti. Mwaka 1687, wakati Waturuki walipokuwa wameweka baruti ndani yake, kombora la jeshi la Venice liliiwasha baruti hiyo na sehemu kubwa ya katikati ikaanguka. Mawe yalilala chini kwa zaidi ya miaka mia mbili. Tangu mwaka 1898 mhandisi Nikolaos Balanos alishika kazi ya kuyainua mawe ya mlima huo wa mahekalu, na kufika miaka ya 1930 safu ya nguzo za Parthenon za upande wa kaskazini ilikuwa imesimama tena. Kwa macho ya mtazamaji kazi ilikuwa njema.

Kasoro ilikuwa ndani ya mawe. Wajenzi wa kale hawakutumia chokaa wala udongo kuyashikanisha mawe ya Parthenon. Waliyaunga kwa vyuma. Kwa vyuma hivyo Kiswahili kina neno gango, wingi magango, yaani kitu chochote kinachofunga pamoja vitu viwili, liwe la mti au la chuma. Wagiriki wa kale walipotia gango la chuma walilimiminia risasi iliyoyeyushwa, ikalifunika lote, hewa na maji visilifikie. Balanos alitia chuma kisichofunikwa kwa risasi, tena kingi kuliko cha kwanza. Chuma kikashika kutu. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho, na marumaru haina tabia ya kunyumbuka. Basi mawe yaliyokuwa yameuvumilia mlipuko wa baruti yakaanza kupasuka yenyewe, kutoka ndani kwenda nje. Tena Balanos hakujali sana kila jiwe lilitoka wapi. Alilolipata likifaa alilitia mahali lilipofaa, na lililogoma alilichonga hadi likaingia.

Kosa hili la pili huenda likaonekana dogo kwa mtu aliyezoea matofali, ambayo yote ni ndugu. Parthenon haikujengwa hivyo. Sakafu yake imeinuliwa kidogo katikati, kiasi cha sentimita 11 hivi katika pande ndefu, na nguzo zake zimelazwa kidogo kuelekea ndani. Kwa sababu ya mpindo huo mdogo, usioonekana kwa mtazamo wa haraka, kila jiwe lilichongwa kwa mahali pake pamoja tu, na likihamishwa hata hatua mbili halikai vema. Kamati iliyoundwa na Wagiriki mwaka 1975 kwa ajili ya kuhifadhi majengo ya mlima huo imelazimika, kwa miongo mingi, kuyatafutia mawe nafasi zao za awali moja baada ya jingine. Magango ya Balanos yanatolewa na kuwekwa mengine ya titani, madini yasiyoshika kutu. Panapokosekana kipande, hujazwa kwa marumaru mpya ya mlima ule ule.

Je, mfasiri aiiteje kazi ya kuunga jiwe lililovunjika? Waandishi wengi huandika kwamba jiwe lilitengenezwa, au liliimarishwa. Neno la kwanza halisemi kitu, na la pili huweza kumfanya msomaji adhani kwamba jiwe liliongezewa nguvu lisiyokuwa nayo. Kiswahili kina kitenzi kuganga, ambacho ndicho mzazi wa gango. Siku hizi watu wengi hukijua kwa habari ya maradhi tu, lakini maana yake ya zamani ni pamoja na kufunga na kuunga kilichovunjika. Mganga wa mifupa hamletei mgonjwa mguu mpya. Huuunga ule alio nao. Hivyo ndivyo wafanyavyo mafundi wa Athens, na twapendekeza kwamba kazi hiyo iitwe kuganga, na jina lake ugangaji wa mawe. Kuna sharti moja la ugangaji ambalo mfasiri atakutana nalo mara nyingi: kazi ya leo isizuie kazi ya kesho. Kiungo kinapotiwa, chapaswa kuwa dhaifu kuliko jiwe la kale, ili litokeapo tetemeko kivunjike kiungo, jiwe libaki. Na mafundi wajao wakipata njia bora waweze kukitoa. Sifa hiyo twaweza kuisema kwa maneno matatu tu, kwamba kazi yaweza kutenguliwa, bila ya kuunda nomino ndefu ambayo hakuna fundi atakayeitamka.

Kundi la pili la maneno ni gumu zaidi, kwa kuwa hapa kosa la mfasiri huweza kuleta taharuki. Yapo mahekalu ambayo hayawezi kuokolewa mpaka yashushwe. Borobudur ni moja. Jengo hili la karne ya 8 na ya 9 limepangwa kwa mawe ya volkano juu ya kilima cha udongo, bila ya kitu cha kuyashikiza. Mvua za Java zilipenya kati ya mawe, zikaulainisha udongo, zikatoka tena kupitia kuta zilizochongwa picha, na kuta zikaanza kuinama. Mholanzi Theodoor van Erp alifanya kazi kubwa hapo kati ya mwaka 1907 na mwaka 1911, lakini maji hayakukoma. Serikali ya Indonesia na UNESCO walipoanza kazi ya pili, iliyodumu kutoka mwaka 1975 hadi mwaka 1982, zaidi ya mawe milioni moja yalitolewa, yakaandikwa alama, yakasafishwa, na yakarudishwa. Nyuma yake, pasipoonekana na mtazamaji, pakawekwa zege na mifereji ya kuyapeleka maji nje bila ya kupita katika picha.

Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba kuta za Borobudur zilibomolewa, na msomaji atajiuliza ni wazimu gani uliowaingia watu hao. Kubomoa ni kuharibu mpango wa kitu, na kwa kawaida hakuna ahadi ya kurudi. Lakini lugha yetu imejaliwa vitenzi vya kutendua vinavyobeba ndani yake kumbukumbu ya kazi ya kwanza: aliyeezeka huezua, aliyefuma hufumua, aliyepanga hupangua. Mawe ya Borobudur yalipangwa, basi yalipanguliwa. Kwa jengo lolote la mawe yaliyokaa bila ya chokaa, kupangua ndilo neno la haki, na kazi nzima ni kupangua na kupanga upya. Twajua kwamba watumishi wa serikali wamezoea kulisikia neno hili zaidi wakati wa mabadiliko ya Baraza la Mawaziri, lakini hilo halikuliharibu; hata huko lina maana kwamba watu wale wale watapewa viti vingine, jambo ambalo kwa mawe ya hekalu halikubaliki.

Kwa majengo ya mbao yaliyounganishwa kwa ndimi na matundu, kufumua latosha zaidi, kwa sababu mbao zimeingiliana kama nyuzi za mkeka. Wajapani wana desturi ya zamani ya kuyafumua mahekalu yao ya mbao kipande kwa kipande, kubadili kilichooza na kuyasimamisha tena. Hekalu la Hōryū-ji, lenye majengo ya mbao ambayo ni miongoni mwa yaliyodumu muda mrefu kuliko yote duniani, lilikuwa katika kazi ya namna hiyo wakati moto ulipounguza picha za ukutani za ukumbi wake mkuu mwezi Januari mwaka 1949. Mwaka uliofuata Japani ilitunga sheria ya kulinda mali za utamaduni. Jengo liko hatarini zaidi wakati linapohudumiwa kuliko wakati linapoachwa, na hili walinzi wa mahekalu wanalijua sana: hapo ndipo taa za kazi, moto wa mafundi na watu wengi huwa ndani yake.

Kupangua kuna sharti moja ambalo likikosekana kupangua hugeuka kuwa kubomoa, hata kama nia ilikuwa njema. Sharti hilo ni kumbukumbu. Hekalu la Baphuon huko Angkor, nchini Kambodia, lilijengwa katikati ya karne ya 11. Lilikuwa likiporomoka chini ya uzito wake lenyewe, na katika miaka ya 1960 wataalamu wa Kifaransa wakiongozwa na Bernard Philippe Groslier waliamua kulipangua. Kiasi cha mawe 300,000 yalilazwa chini msituni kuzunguka hekalu, kila moja na namba yake, na namba hizo zikaandikwa katika vitabu. Vita vikaingia, kazi ikasimama. Na mwaka 1975, majeshi ya Khmer Rouge yalipouteka mji wa Phnom Penh, vitabu hivyo viliharibiwa. Mawe yalikuwapo yote, tena yenye namba, lakini hapakuwa na mtu wa kusema namba hizo zilimaanisha nini. Kazi ilipoanzwa tena mwaka 1995, chini ya Pascal Royère, ilibidi wataalamu wayasome mawe yenyewe, kwa sura na vipimo vyao, wakisaidiwa na picha za zamani. Hekalu lilifunguliwa mwaka 2011. Kwa mfasiri wa maagizo ya kazi, habari hii ina funzo la moja kwa moja: palipoandikwa kwamba mawe yaorodheshwe, asiridhike na neno kuhesabu. Kuhesabu ni kujua ni mangapi. Kuorodhesha ni kujua lipi lilikaa wapi.

Baada ya kupangua huja kazi ambayo wataalamu wa nchi za Ulaya huiita kwa jina la Kigiriki, anastilosisi. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili, moja lenye maana ya juu au tena, na jingine lenye maana ya nguzo. Maana yake katika uhifadhi ni kuyainua mawe yaliyoanguka na kuyarudisha kila moja mahali pake, bila ya kubuni. Nimeona likifasiriwa kuwa ujenzi mpya, na kwa kweli hiyo ni kinyume chake, kwa sababu kisichoruhusiwa hasa ni ujenzi mpya. Hati ya Venice ya mwaka 1964, ambayo wahifadhi wa nchi nyingi huifuata, huikubali anastilosisi na kukataa kujenga upya kwa namna nyingine katika magofu ya kale. Tena hutaka kazi ikome pale dhana inapoanza.

Si lazima tulichukue jina hilo la Kigiriki. Kiswahili husema kusimika mlingoti, kusimika nguzo, kusimika bendera. Na husema pia kumsimika kiongozi, yaani kumweka katika nafasi ambayo ni haki yake. Katika kitenzi hiki kimoja tumepata nguzo, tumepata kuinuka, na tumepata nafasi iliyo halali. Kusimika upya, na kwa jina usimikaji upya, latuelekea kuwa tafsiri iliyo sahihi hata kuliko neno lenyewe, maana la Kigiriki halisemi lolote juu ya nafasi halali.

Njia hii ilikomazwa sana na Waholanzi huko Java. Mwaka 1930 Mfaransa Henri Marchal, aliyekuwa mlinzi wa majengo ya Angkor, alikwenda Java kujifunza kwao, na aliporudi akaitumia katika hekalu dogo la Banteay Srei kuanzia mwaka 1931. Huko Prambanan, katika Java hiyo hiyo, hekalu kubwa la Shiva lilisimikwa upya kwa kazi ndefu iliyomalizika mwaka 1953. Makumi ya mahekalu madogo yanayolizunguka yamebaki vifusi, na mgeni huweza kudhani ni uzembe. Sababu ni kanuni: hekalu halisimikwi upya isipokuwa angalau asilimia 75 ya mawe yake ya awali yapatikane.

Mfano wa kuheshimu mpaka huu ni ule wa van Erp. Juu ya stupa kuu ya Borobudur aliusimamisha mwavuli wa mawe, kwa vipande alivyovipata na vingine alivyochongesha. Kisha alipojihesabia mawe ya awali akaona ni machache mno kuthibitisha kwamba ndivyo ulivyokuwa, akaushusha. Mjadala wa kuurudisha umefufuka katika miaka ya karibuni, na haujaisha utamu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, fundi aliyeshusha alichokisimamisha kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amelielewa neno kusimika barabara.

Sasa tuje kwenye neno kurejesha, ambalo wengi hulitumia kama lugha ya heshima ya kukarabati. Tatizo lake ni kwamba ni kitenzi kisichokamilika: hurejeshwa kitu hadi wapi, au hadi lini? Hekalu la kale halina siku moja ya kuzaliwa. Katika karne ya 19 Wagiriki waliuondoa msikiti mdogo uliokuwa umejengwa ndani ya Parthenon, na katika miaka ya 1870 ukabomolewa mnara wa zama za kati uliokuwa kwenye lango la mlima. Walikuwa wakirejesha zama moja, na kwa hiyo wakifuta nyingine. Huko Baphuon ilikuwa kinyume. Karne kadhaa baada ya kujengwa kwa hekalu, Wabudha walichukua mawe ya sehemu zake za juu wakatengeneza upande wa magharibi sanamu ya Buddha aliyelala, yenye urefu wa kiasi cha mita 70. Kulirejesha hekalu la karne ya 11 kungekuwa kuiua sanamu ya baadaye. Kuikamilisha sanamu kungekuwa kuliacha hekalu bila mawe yake. Wahifadhi waliamua kuviacha vyote viwili vionekane. Kwa hiyo twashauri kwamba neno kurejesha lisiandikwe peke yake katika hati yoyote. Liandikwe pamoja na zama zinazokusudiwa, na kama mwandishi wa hati ya asili hakuzitaja, mfasiri amrudie amwulize kabla ya kuendelea.

Limebaki kundi la maneno asili, halisi na awali, ambalo limewatatiza hata wataalamu wenyewe. Mahekalu ya Ise huko Japani hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Desturi hiyo ilianza mwaka 690. Iliwahi kukatika kwa zaidi ya miaka 120 wakati wa vita, ikaunganishwa tena, na mara ya 62 ilitimizwa mwaka 2013. Viwanja viko viwili, kimoja kando ya kingine: jengo jipya huinuka katika kiwanja kitupu kwa vipimo na ufundi ule ule, kisha la zamani hufumuliwa, na mbao zake hupelekwa kutumiwa katika mahekalu mengine. Je, hekalu la Ise lina umri gani? Kwa kipimo cha Athens, lina miaka michache tu na lote ni nakala. Kwa kipimo cha Wajapani lina zaidi ya miaka 1,300, kwa sababu kinachohifadhiwa hapo ni ujuzi unaotoka mkono wa fundi mzee kwenda mkono wa kijana. Ile miaka 20 yatosha mtu kuwa mwanagenzi katika zamu moja na kuwa fundi katika zamu inayofuata.

Wataalamu walikutana Nara mwaka 1994, wakakubaliana katika hati yao kwamba ukweli wa jengo haupimwi kwa mawe na mbao pekee, bali hutegemea pia utamaduni wa wenye jengo. Hati za namna hii zimejaa neno moja ambalo wafasiri wetu hulifanya mara uasilia, mara uhalisi, kana kwamba ni mamoja. Kwa maoni yetu hayafanani. La awali ni lile lililokuwapo mwanzo: jiwe la awali, boriti ya awali. La asili huhusu chimbuko na namna: umbo la asili, ufundi wa asili. Halisi ni hukumu, kwamba kitu ndicho chenyewe na si cha kuigiza. Hekalu la Ise halina mbao za awali, lina umbo la asili, na ni hekalu halisi. Sentensi hiyo moja ikiandikwa kwa neno moja mara tatu haitakuwa na maana yoyote.

Pwani yetu nayo ina mfano wa karibu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107. Lakini sehemu kubwa ya jengo linalosimama leo ni ya karne ya 18. Maandishi ni ya awali. Kuta nyingi si za awali. Na sijasikia mtu wa Kizimkazi akiuliza kama msikiti wake ni halisi.

Hapo pwani ndipo pia yalipo maneno ambayo mfasiri wa mikataba angeyahitaji zaidi kuliko istilahi za hati za kimataifa. Kuta za zamani za matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukuta wa namna hiyo ukipakwa saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na baada ya miaka lipu hutoka ikiwa imeng'ang'ania uso wa jiwe. Yaliyotokea kwa chuma cha Balanos hutokea hapa kwa saruji: kitu kigumu kimeungwa na kitu laini, na kilichoumia ni kile cha kale. Mafundi wa waashi huita kutomea ile kazi ya kujaza chokaa na vijiwe katika nyufa za ukuta. Huita kutia gadi kule kuegemeza magogo ya kuuzuia ukuta usianguke, neno walilolitoa kwa waunda vyombo. Nimepata kusoma zabuni iliyosema kwamba ukuta wa nyumba ya kale ukarabatiwe kwa vifaa imara. Ingalitosha kusema utiwe gadi, utomewe kwa chokaa, na usipakwe saruji, na fundi yeyote angaliielewa bila ya kuelezwa.

Neno kukarabati lenyewe halina haja ya kufukuzwa. Lina kazi yake halali katika mahekalu pia: kuzibua mifereji, kubadili paa linalovuja la ofisi ya mlinzi, kurekebisha ngazi za wageni. Ni pale linapogusa jiwe, boriti au lipu ya kale ndipo lapasa kuvunjwa katika sehemu zake, na hati ikasema wazi kama kitu hicho kitagangwa, kitapanguliwa, kitafumuliwa, kitasimikwa upya, au kitaachwa gofu kama kilivyo.

Jambo moja halijapatiwa jina la kuridhisha. Kipande kipya kinachotiwa penye pengo chatakiwa kupatana na mawe ya kale kwa mbali, na kutambulikana kwa karibu; ndiyo maana katika mahekalu ya Java mawe mapya yalitiwa nukta ndogo ya risasi. Baadhi ya wafasiri wamejaribu kiraka, na si neno baya, kwa kuwa kiraka hakijifichi. Lakini kiraka kina harufu ya umaskini, na marumaru ya Pentelikon iliyochongwa miezi mingi haistahili jina hilo. Jiwe la kujazia lingeweza kufaa, ingawa ni refu. Wasomaji wenye kuishi karibu na waashi wa chokaa au maseremala wa vyombo huenda wanalo jina la kipande kipya kinachotiwa katika kitu cha kale bila ya kujisingizia uzee, na baraza lingefurahi kuletewa.